Maandishi ya Hisabati katika Kurasa za Mtandao

Maandishi ya kawaida huenda njia moja kama siafu: herufi hufuata herufi mpaka mstari ukaisha. Maandishi ya hisabati hayakubali mwendo huo. Kipeo hupanda juu, kiasi hukaa juu ya asili, na alama ya kipeuo hutandaza mkono wake juu ya yote inayoyatawala. Mahali pa alama ni sehemu ya maana yake: 2 iliyo mbele ya x ni jambo moja, na 2 iliyo begani mwa x ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo hisabati ilikuwa mtihani kwa wapiga chapa tangu zama za herufi za risasi, ikawa mtihani kwa kompyuta vile vile.

Mwaka wa 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, akachukizwa na ubaya wa chapa. Hakukomea katika kulalamika. Alianza kutunga programu yake mwenyewe, TeX, iliyotoka mwaka wa 1978. Humo mwandishi huandika amri kwa herufi za kawaida, na kompyuta hupima nafasi ya kila alama. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport alijenga LaTeX juu ya msingi huo, na wanahisabati wakaipokea kama kalamu yao.

Mwaka wa 1989 Tim Berners-Lee alitoa pendekezo la mtandao wa kurasa huko CERN, karibu na Geneva, katika nyumba ya wanafizikia, watu ambao hawapitishi siku bila mlinganyo. Walakini lugha ya kurasa hizo, HTML, haikuwa na njia maalumu ya kuandika milinganyo. Kinyozi hajinyoi. Rasimu ya HTML 3.0 ya mwaka wa 1995 ilikuwa na mlango wa hisabati, lakini HTML 3.2 ya mwaka wa 1997 ilitoka bila mlango huo.

Waandishi wakafanya walivyoweza: fomula ziligeuzwa picha, zikabandikwa kati ya maneno. Picha ilikidhi haja ya jicho, lakini ilikuwa bubu. Haikuweza kutafutwa wala kunakiliwa, na ilipokuzwa iliparara. Tena, asiyeona hakupata kitu, ila mwandishi awe amemwongezea maelezo. Na njia ilikwisha kuonekana: mwaka wa 1994 T. V. Raman, msomi asiyeona, alitoa katika Chuo Kikuu cha Cornell tasnifu juu ya programu iliyosoma maandishi ya LaTeX kwa sauti, pamoja na fomula zake. Programu hiyo haikusoma picha. Ilisoma amri, kwa maana amri hubeba maana.

Mwezi wa Aprili 1998 shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliidhinisha MathML, lugha ya kuandika hisabati ndani ya kurasa. Sheria ilipatikana, lakini watiifu walikuwa wachache. Firefox iliifuata, Chrome iliipokea katika toleo la 24, Januari 2013, ikaiondoa katika toleo lililofuata.

Msaada ulitoka kwa wenye haja. Mwanahisabati Davide Cervone alitunga jsMath mwaka wa 2004, kisha likafuata MathJax mwaka wa 2010, kwa msaada wa vyama vya wanahisabati wa Marekani. Programu hii husafiri pamoja na ukurasa, ikazichora fomula katika kivinjari cha msomaji, hata kama kivinjari chenyewe hakijui hisabati. Mwaka wa 2014 Khan Academy ilitoa KaTeX, iliyosifiwa kwa wepesi.

Januari 2023, Chrome 109 ilirudisha MathML, kwa kazi kubwa ya kampuni ya Igalia ya Hispania. Karibu miaka 34 ilikuwa imepita tangu pendekezo la Geneva. Katika muda huo wote ufundi haukukosekana. Kilichokosekana ni kukiri kwamba fomula ni kauli, na kauli hutaka kusomwa na kila mtu, mwenye macho na asiye nayo.