Makataa ya mtu mmoja: historia ya jedwali dogo ndani ya Moodle

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tufukue historia ya jedwali moja la hifadhidata ambalo, kwa maoni yangu, limeokoa alama nyingi kuliko maombi ya usiku wa kuamkia mtihani :-)

Nazungumzia Moodle, ile programu huria ya masomo ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi duniani, vya hapa Kenya vikiwemo. Mwanzilishi wake ni Martin Dougiamas wa Australia, ambaye utotoni aliishi nyikani mbali na shule, akasoma kwa redio na kwa vifurushi vilivyoletwa na ndege. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002.

Katika matoleo yale ya mwanzo, jaribio lilikuwa na saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa, basi. Saa hizo zilikuwa za darasa zima. Sasa chukua mwanafunzi aliyelazwa hospitalini siku ya jaribio. Mhadhiri angefanyaje? Angeweza kusogeza makataa kwa wote, na wale waliokesha wakamaliza kwa wakati wakaona wamepunjwa. Angeweza kutengeneza nakala ya jaribio kwa ajili ya huyo mmoja, kisha ahangaike kuoanisha alama za majaribio mawili. Au angemwambia tu, "Pole, mfumo hauruhusu." Ukiwa na wanafunzi 300, hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote.

Na kweli mfumo haukuruhusu. Ulikuwa na mahali pa kuandika sheria, lakini hapakuwa na mahali pa kuandika ruhusa maalum.

Mambo yalibadilika Novemba 2010, Moodle 2.0 ilipotoka na jedwali linaloitwa quiz_overrides. Kila mstari wake unataja jaribio na mwanafunzi mmoja, au kundi, kisha unaeleza lini afunguliwe, lini afungiwe, apewe dakika ngapi na ajaribu mara ngapi. Nafasi ikiachwa tupu, sheria ya kawaida inabaki. Jaribio lenyewe haliguswi. Mwanafunzi asiyeona vizuri anaweza kupewa dakika 90 badala ya 60, na wenzake wala wasijue.

Je, ruhusa mbili zikigongana? Ya mtu hushinda ya kundi. Na mwanafunzi akiwa katika makundi mawili yenye ruhusa tofauti, programu humchagulia iliyo nafuu, yaani makataa ya mbali zaidi na dakika nyingi zaidi. Napenda sana uamuzi huo. Kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba penye utata, tarakilishi imhurumie mwanafunzi.

Maboresho mengine yakafuata. Moodle 2.3 ya 2012 ilimwezesha mhadhiri kuamua muda ukiisha nini kitokee: majibu yajitume yenyewe, au mwanafunzi apewe dakika chache za ziada ayawasilishe. Moodle 2.6 ya 2013 ikaleta uwezo wa kuhifadhi majibu jaribio likiendelea.

Sisi wa huku tunajua umuhimu wake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Jambo kama hilo halina ubishi, kila mtu analijua, na mhadhiri anaweza kusogeza tarehe ya darasa lote. Shida ni stima inapopotea mtaani kwako peke yako. Saa ya seva haijui kwamba uko gizani, na hapo ndipo ule mstari mmoja unapohitajika.

Lakini jedwali lile la 2010 lilikosa kitu kimoja: nafasi ya kuandika sababu. Lilijua nani na hadi lini, halikujua kwa nini. Sababu ilibaki kati ya mwanafunzi na mhadhiri wake, na aliyeogopa kubisha mlango hakupata mstari wowote.

Kwa hiyo wasanidi wenzangu, mkijenga mfumo wowote wenye tarehe, uwe wa karo, mikopo au leseni, wekeni mahali pa ruhusa maalum tangu siku ya kwanza, pamoja na sababu yake. Atakayekataa, akatae mwenyewe, asisingizie mfumo.

Haya, tuonane tena.