Kutoka Pickwick hadi Pumzi: Historia ya Jina la Ugonjwa Mmoja

Miongoni mwa dhana za tiba zinazotutaka tuziundie istilahi ni ile ya ugonjwa unaomfanya mtu aliyelala akatikiwe na pumzi mara nyingi katika usiku mmoja. Madaktari huuita apnia ya usingizini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi. Kabla ya kuamua tuuite nini kwa Kiswahili, yafaa tutazame wenzetu walivyoupa majina, kwani jina lisilofaa liliwahi kuuficha ugonjwa huu.

Mwaka 1836 Charles Dickens alianza kuchapisha hadithi ya Pickwick, ambamo mna kijana mnene aitwaye Joe, asinziaye hata akiwa kazini. Wasomaji walicheka. Miaka 120 baadaye, yaani 1956, C. Sidney Burwell na wenzake wa Boston walieleza habari za mfanyabiashara mwenye uzito wa karibu kilo 120, aliyepitiwa na usingizi kwenye mchezo wa karata hali mkononi ana karata za ushindi. Hali hiyo wakaipa jina la Pickwick. Jina lilipendeza, likaenea. Lakini lilimwelekeza daktari kumtafuta mtu mnene, na mgonjwa mwembamba akabaki nje ya mlango. Tena halikutaja pumzi za usiku. Burwell na wenzake walidhani kwamba kusinzia kunaletwa na kabonidayoksaidi iliyozidi damuni.

Mwaka 1965 Henri Gastaut na wenzake huko Marseille, na Jung na Kuhlo huko Freiburg, kila kundi peke yake, waliwapima wagonjwa hao wakiwa wamelala. Wakaona pumzi inasita, ubongo unazinduka kidogo, pumzi inarudi, kisha inasita tena. Usingizi wa mchana ulikuwa deni la usiku. Elio Lugaresi wa Bologna akaendelea kuchunguza uhusiano wa hali hiyo na kukoroma. Ndipo mwaka 1976 Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipoliweka jina juu ya pumzi yenyewe, na kusisitiza kwamba si kila mgonjwa ni mnene. Pumzi ikikoma kwa sekunde 10 au zaidi, huo ni msito mmoja wa kuhesabiwa. Siku hizi, kwa mtu mzima, misito na mipungufu mikubwa ya pumzi inayofika 5 kwa saa huanza kutiliwa maanani, na ikifika 30 ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Sasa turudi kwetu. Wapo wanaoandika "ugonjwa wa usingizi". Hatukubaliani nao. Jina hilo tayari ni la malale, maradhi yaletwayo na mbung'o, na mtu wa Kigoma au Tabora akiambiwa ana ugonjwa wa usingizi atafikiria pori na ng'ombe, wala si koo lake. "Jinamizi" nalo halifai, ingawa wengi husema wamekabwa nalo wanapogutuka usiku wakitweta. Neno hilo humpeleka mgonjwa kwa mganga wa mashetani, na huku shinikizo la damu linapanda, na kama ni dereva, anasinzia kwenye usukani. "Kukata pumzi" kuna harufu ya kukata roho.

Neno tumelipata kwa shahidi, maana mgonjwa mwenyewe hajui yanayompata. Ajuaye ni mwenzake wa kitandani. Muulize mke, atakuambia kwamba mumewe hukoroma, mara akanyamaza, yeye akabaki akihesabu, kisha mume akashtuka kama aliyepaliwa. Hapo mna kusimama na kuanza upya, na kitenzi chetu cha hali hiyo ni kusita. Kwa hiyo tunapendekeza "msito wa pumzi usingizini".

Tiba nayo ina majina yake. Wagonjwa wa kwanza walitobolewa koromeo ili hewa ipite chini ya mahali palipoziba. Wenzao wa Freiburg walieleza upasuaji huo mwaka 1969. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney alitangaza katika jarida la Lancet njia isiyohitaji kisu. Wagonjwa 5 walipulizwa hewa puani usiku kucha, kwa mkandamizo wa kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji, na njia ya hewa ikabaki wazi. Mota yake ya mwanzo ilikuwa ya mashine ya kufyonzea vumbi, iliyogeuzwa ipulize.

Kifaa hicho tusikiite "mashine ya kupumulia". Tangu 2020 neno hilo limeshikamana na mahututi, na mgonjwa atakataa kwenda nalo nyumbani. Chombo hiki hakimpumulii mtu. Humfungulia njia, akapumua mwenyewe. "Kipuliza hewa" chatosha. Kile kinachovaliwa puani kisiwe "kinyago", kwani nani atalala na kinyago? Barakoa, lililokuwa vazi la uso la wanawake wa pwani, limekwisha kupanuliwa maana, na watu wamelizoea.

Limebaki jambo moja. Ipo aina ambayo koo halizibi, bali ubongo hautoi amri ya kuvuta hewa. Ile ya kwanza tumeiita "msito wa mzibo". Hii ya pili baadhi yetu wanataka iwe "msito wa ubongo", nasi tunaogopa kwamba mgonjwa atasikia habari za kiharusi. Tunawaomba waganga na wauguzi watuandikie neno wanalotumia wodini.