Nani Ameshika Ufunguo wa Sanduku? Historia Fupi ya Hela za Sadaka

Mara hii tunaandika juu ya jambo ambalo watu wanaliongea kwenye foleni ya maji ila kanisani hawalitaji: hela za sadaka zinaenda wapi?

Tuanze na kitu tulichokiona kwa macho yetu. Kanisa moja la huku kwetu lilikuwa linachangisha mabati, maana waumini walikuwa wanasali chini ya turubai lililotoboka. Mgao ulikuwa umepunguzwa, lakini watu walitoa. Asiye na hela alileta kopo la unga au la maharage, vikauzwa sokoni. Kulikuwa na mama mmoja mjane, ana watoto watatu, kila siku ya mgao alitoa kopo moja kabla hajapika. Misimu miwili ya mvua ikapita, turubai ni lile lile. Siku moja akasimama akauliza mabati yamefikia wapi. Akajibiwa kwamba mtiwa mafuta wa Mungu haulizwi. Akakaa. Na sisi tuliokaa benchi moja naye tukanyamaza.

Hatusemi hela ililiwa. Inawezekana ilikuwepo yote mpaka shilingi ya mwisho. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kujua. Ndo maana tukaanza kusoma, kidogo kidogo, kwenye simu na kwenye vitabu tulivyoazimwa. Tulichokikuta ni kwamba swali la yule mama si uasi. Ni la zamani kuliko makanisa yote tunayoyajua, na wa kwanza kulijali walikuwa mitume wenyewe.

Sadaka ya kwanza ilikuwa ya wenye njaa

Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba wakati wa Kaisari Klaudio kulitokea njaa. Waumini wa Antiokia, mji uliokuwa Siria, wakachanga kila mtu kwa uwezo wake, wakawapelekea wenzao wa Uyahudi. Baadaye Paulo akaendesha mchango mkubwa zaidi kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Waliomshangaza ni watu wa Makedonia: walikuwa fukara kabisa na bado walitoa kupita uwezo wao. Sisi watu wa kambi hao tunawafahamu. Ni mama wa kopo la unga.

Lakini angalia Paulo alifanya nini na hela hizo. Hakuzibeba peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba Tito atafuatana na ndugu wengine, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe. Sababu anaitaja wazi: hataki mtu yeyote apate la kumlaumu kuhusu mchango ule. Yaani mtume, mtu aliyekuwa tayari kufungwa na kupigwa kwa ajili ya imani, hakusema "niaminini tu". Alijua kwamba hela nyingi mkononi mwa mtu mmoja ni hatari, hata kama mtu huyo ni mwema.

Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kinaitwa Didake. Kinafundisha jinsi ya kumpokea mhubiri anayesafiri: akae siku moja, au mbili ikibidi, akikaa tatu, ni wa uongo. Na akisema kwamba Roho amemtuma aombe hela kwa ajili yake mwenyewe, asisikilizwe. Akiwaombea wengine wenye shida, hapo ni sawa.

Yustino, aliyeandika akiwa Roma mnamo mwaka 155, anaeleza kwamba sadaka ya Jumapili iliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliokaa ugenini. Tertuliano wa Karthago, nchi ya Tunisia ya leo, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba kila mtu alitoa mara moja kwa mwezi, akipenda na akiweza, bila kulazimishwa. Hela haikuwa ya karamu. Ilikuwa ya kulisha na kuzika maskini, kutunza yatima na wazee, na kuwasaidia waliofungwa kwa ajili ya imani.

Someni tena hiyo orodha. Wajane, yatima, wageni. Kwa hesabu za zamani, sisi ndio tuliokuwa tunatolewa sadaka. Haikuwa sisi tu wa kuitoa.

Utajiri ulipoingia mlangoni

Mwaka 313 Kaisari Konstantino alilipa kanisa uhuru, na mwaka 321 akaruhusu watu kuliachia kanisa urithi. Mashamba na nyumba vikaanza kuingia. Hilo lenyewe si baya, maana hospitali na nyumba za wageni zilijengwa kwa mali hiyo. Lakini cheo cha askofu kikawa kitu cha kugombaniwa. Mwaka 366 watu wa Damaso na watu wa Ursino walipigana Roma juu ya nani awe askofu. Amiano, mwanahistoria ambaye hakuwa Mkristo, aliandika kwamba ndani ya kanisa moja zilikutwa maiti 137 kwa siku moja. Akaongeza kwamba hakushangaa, kwa sababu anayeshinda pale anatajirishwa na zawadi za akina mama matajiri, anapanda gari la farasi na kula karamu kuzidi za wafalme.

Mwaka 370 serikali ikachoka. Kaisari Valentiniano alitoa sheria, ikasomwa makanisani Roma, kwamba makasisi wasiende kwenye nyumba za wajane kutafuta urithi. Yeronimo, yule yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, aliandika baadaye kwamba hailalamikii sheria hiyo. Kinachomuuma ni kwamba makasisi wenyewe waliistahili.

Siku hizo hizo kulikuwa na viongozi wa namna nyingine, na ni haki kuwataja. Ambrosi, askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vya thamani vya kanisa lake ili kuwakomboa watu waliotekwa kwenye vita vya Wagothi. Wapinzani walipomlaumu, alijitetea kwamba ni heri kutunza watu kuliko kutunza dhahabu. Na mwaka 494 Papa Gelasio alisisitiza utaratibu wa kugawa mapato ya kanisa mafungu manne: la askofu, la makasisi, la maskini, na la majengo. Maskini walikuwa na fungu lao kwa sheria. Hawakusubiri makombo.

Masanduku mawili ya Ujerumani

Sasa turuke miaka elfu moja hivi, kwa sababu huko kuna hadithi iliyotufungua macho zaidi ya zote.

Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Albrecht wa Brandenburg, alikuwa tayari askofu mkuu wa Magdeburg alipotaka pia kuwa askofu mkuu wa Mainz. Akakopa hela nyingi kwa matajiri wa benki, ukoo wa Fugger, ili alipe Roma. Kulipa deni hilo akaruhusiwa kuuza vyeti vya msamaha. Mhubiri Johann Tetzel akazunguka na sanduku, akiwaambia watu kwamba wanaweza kuwasaidia hata ndugu zao waliokufa. Waumini walidhani wanajenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Nusu ya hela ilikwenda kweli Roma. Nusu ilikwenda kulipa deni la Albrecht. Mawakala wa Fugger waliongozana na sanduku wakihesabu. Hapo ndipo pa kufikiria: mwenye benki alijua hesabu, mtoaji hakujua. Mwaka 1517 Martin Luther akaandika hoja zake 95, na Ulaya haikuwa tena ile ile.

Watu wengi hadithi yao inaishia hapo. Sisi tulipenda zaidi kilichofuata miaka sita baadaye, kwenye mji mdogo unaoitwa Leisnig. Mwaka 1523 waumini wa pale walikubaliana kuweka sanduku la pamoja, na Luther akaandika utangulizi wa kanuni zao. Hela za sanduku zilikuwa za kumlipa mchungaji, kuendesha shule, kutunza majengo, na kuwasaidia maskini, yatima, wazee na wageni. Walichagua watu kumi wa kulisimamia: wawili wa watu wakubwa, wawili wa baraza la mji, watatu wa wananchi wa mjini, na watatu wa wakulima wa vijijini. Walitakiwa kukutana kila Jumapili, na mara tatu kwa mwaka kusoma hesabu mbele ya watu wote.

Na sanduku lilipangiwa kufuli nne. Kila kundi lilishika ufunguo wake. Bila mkulima, tajiri hafungui.

Tusidanganyane, mpango huo ulipata shida nyingi. Baraza la mji halikutaka kuachia mali, na Luther akalalamika sana. Lakini wazo lenyewe linabaki: mchungaji analipwa, maskini wanasaidiwa, na hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake.

Mbegu ilitoka wapi?

Wengi wetu tumesikia mahubiri ya "panda mbegu uvune mara mia". Watu wanadhani ni mafundisho ya tangu mitume. Mhubiri aliyeyaeneza sana ni Mmarekani Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, aliyechapisha kitabu juu ya mbegu ya imani mwaka 1970. Kwa redio, televisheni, vitabu na mikutano mafundisho ya namna hiyo yalisambaa, na leo yanahubiriwa hata chini ya turubai. Zamani sadaka ilimtoka mwenye nacho ikamfikia asiye nacho. Kwenye "mbegu", asiye nacho anampa mwenye nacho, na anaambiwa asubiri mvua. Isiponyesha, kosa ni imani yake.

Marekani yenyewe iliona matokeo. Jim Bakker, mhubiri wa televisheni, miaka ya 1980 aliwauzia watu uanachama wa dola 1,000: ukilipa mara moja, kila mwaka unalala siku tatu kwenye hoteli yake maisha yako yote. Aliuza nafasi nyingi kuliko vyumba vilivyokuwepo, na mamilioni yakaenda kwenye maisha yake mwenyewe. Mwaka 1989 mahakama ilimhukumu miaka 45; adhabu ikapunguzwa, akatoka mwaka 1994. Baadaye aliandika kitabu akikiri kwamba alikosea katika mafundisho yake ya utajiri.

Na sisi je?

Hapa tuseme ukweli, hata kama unatuuma. Mwaka jana tulichangishana hela za daftari na kalamu za watoto wa darasa letu la jioni. Mwenzetu mmoja alizitunza, kwenye simu yake, peke yake. Mama yake akaugua usiku. Akatumia hela kununua dawa, akijua atarudisha. Hakuweza. Akaona aibu, akaacha kuja kwenye kikundi. Tulipoteza hela, halafu tukampoteza na yeye. Hakuwa mwizi. Sisi ndio tulimbebesha mzigo ambao hata Paulo alikataa kuubeba peke yake.

Baada ya hapo tulikwenda kumwona mchungaji wa kanisa lile la mabati. Hatukwenda kwa ugomvi, tulikwenda na hadithi ya Leisnig. Mzee mmoja akatuambia sisi ni watoto. Mchungaji mwenyewe alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema hela nyingine alinunulia mbao za majeneza, misiba ilipofuatana, na hakuandika popote. Labda ni kweli. Tulimwona akizika. Lakini maneno yake hayana karatasi, na mama wa kopo la unga hana jibu. Daftari lingemlinda mchungaji kama lingemlinda mama. Wachungaji wengi wa kambini wanalala njaa kama sisi, na hao ndio wanaochafuliwa jina na uvumi pale hesabu inapofichwa.

Leo kikundi chetu kina sanduku la bati, kazi ya fundi wa mtaani, lina kufuli tatu. Hesabu tunaiandika kwenye karatasi kubwa na kuibandika mlangoni. Ufunguo mmoja anao kijana, mmoja anao msichana, na wa tatu tulimwomba yule mama aushike. Kanisa lake bado halijasoma hesabu. Mwenzetu wa simu tumemfuata mara mbili nyumbani. Bado hajarudi, ila mara ya pili alitupikia chai.

Na ninyi ndugu wa mashirika, msicheke sana. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake unakaa kwa anayelalamikiwa nalo ni sanduku la Tetzel.

Kwa hiyo vijana wenzetu, tusiache kutoa, na tusiwatukane wazee wetu. Jumapili ijayo, baada ya ibada, uliza kwa heshima swali moja tu: ufunguo wanao wangapi? Na mwingine akiuliza, wewe usikae kimya benchini kama sisi.