Kompyuta ya zamani haitoi sauti? Huenda imekosa draiva

Msikilizaji wetu wa Tabora, Urambo au Sikonge, kompyuta ya mezani ikiwekewa Windows upya huweza kukosa sauti au intaneti. Usikimbilie kununua nyingine. Huenda imekosa draiva, yaani programu ambayo ni mkalimani kati ya Windows na kifaa.

Bofya Start, andika Device Manager, ifungue. Kifaa chenye alama ya mshangao ya njano ndicho chenye tatizo. Kibofye kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, Details, kisha Hardware Ids. Angalia kinachofuata VEN: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek.

Kwa simu, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, ya biti 32 au 64 kulingana na Windows yako. Ihamishe kwa waya wa USB, isakinishe, zima na uwashe. Tovuti inayodai malipo, achana nayo.