Visima vya Wajir

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha historia ya dunia katika kidato cha pili mjini Garissa, niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya chemchemi ya Trevi iliyoko katika mji wa Roma. Mna katika picha ile sanamu za mawe meupe, farasi wenye mabawa, na maji yamwagikayo usiku na mchana katika hodhi kubwa mbele ya watu. Niliwaeleza kwamba mjenzi wake, Nicola Salvi, alifariki kabla kazi haijaisha, na kwamba ilikamilishwa mwaka 1762. Nilipokwisha, kijana mmoja, mwana wa wafuga ngamia, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, hapo hunyweshwa mifugo ya nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana kijana yule aliuliza swali ambalo mwandishi wa historia hana budi kuanza nalo kila aonapo maji: haya ni ya nani, yaliletwa na nani, na ni nani aliyekatazwa kuyatumia?

Tena swali lake halikuwa mbali na ukweli wa mambo. Chemchemi ile ya Trevi si pambo tu. Ni mwisho wa mfereji uliojengwa na Agripa katika mwaka wa 19 kabla ya kuzaliwa Kristo, ili kuwaletea watu wa Roma maji kutoka nje ya mji. Kwanza ilikuja kiu, kisha maji, na zile sanamu zilifuata baada ya miaka zaidi ya elfu moja na mia saba. Hata hapa Afrika Mashariki mfano wake upo. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, aliyaleta maji ya Chemchem, upande wa Bububu, mpaka Mji Mkongwe, na watu wakayateka bila ya malipo. Mtawala yule alijenga majumba mengi ya fahari, lakini mimi naona mfereji ule ndio uliokuwa jengo lake bora.

Huku kwetu Kaskazini Mashariki hakutokea sultani wa kutuchimbia mfereji. Garissa ina bahati ya kukaa kandokando ya mto Tana. Lakini ukiuacha mto na kushika njia ya Modogashe na Habaswein, utakwenda zaidi ya kilomita mia tatu katika nchi ambayo mvua yake ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 300 tu, nayo hunyesha kwa misimu miwili, gu na deyr, ikiwa itanyesha. Mwisho wa safari hiyo ni Wajir. Ardhi ya hapo ni nyeupe, kwa kuwa chini yake ni mawe ya chokaa, na katika mawe hayo yamo maji, tena si mbali sana. Mtu husimama ukingoni, akatumbukiza ndoo yake kwa kamba, akavuta. Visima ni vingi, vingine vimo katikati ya mji wenyewe, kama vile vya Orahey. Miji mingine ina kiwanja chenye mnara au sanamu ambapo watu hukutana. Kiwanja cha Wajir ni visima vyake. Hata jina la mji, wazee husema, latokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukusanyika.

Ni nani aliyevichimba? Ukiwauliza wazee watakutajia Wamadanle, watu warefu wa zamani, wenye nguvu za ajabu, waliochimba mwambani visima vya Wajir na vya El Wak, kisha wakatoweka. Sisi walimu tumezoea kuzipuuza hadithi za majitu, nami naungama kuwa zamani nilizipuuza. Walakini tazama yaliyofichika ndani ya hadithi hii. Waborana huisimulia, na Wasomali huisimulia, na katika wote hao hakuna asemaye, "Babu zetu ndio waliochimba." Kila mmoja anakiri kwamba alivikuta vimekwisha chimbwa. Kwa watu waliogombea visima hivyo kwa miaka mingi, ungamo hilo si dogo.

Waborana walikuwa na kanuni zao za maji, na kanuni hizo zingaliko mpaka leo katika nchi yao. Mtu aliyeanza kukichimba kisima huitwa konfi, na haki yake hurithiwa katika ukoo wake. Lakini zamu ya kunywesha kila siku husimamiwa na mzee mwingine, aba herega, yaani baba wa zamu, naye hupanga ni kundi la nani litangulie na la nani lingoje. Hiyo si kazi nyepesi. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila kunywa aweza kumaliza lita mia moja kwa mara moja, na nyuma yake wako ngamia mia wengine wanaonusa maji. Pasipokuwa na zamu, fimbo hutangulia, na baada ya fimbo, mkuki. Mgeni mwenye kiu yeye hangoji zamu. Maji ya kunywa mwanadamu hayanyimwi, na juu ya jambo hilo mila na dini ya Kiislamu husema kauli moja.

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa makabila ya Kisomali yalivuka mto Juba na kusogea magharibi pamoja na ngamia wao, nayo visima vya Wajir vikawa mpaka wa nguvu mbili. Hapo ndipo walipoingia Waingereza. Mwaka 1912 waliweka kituo chao Wajir, baadaye wakajenga boma la kuta nyeupe. Usidhani walipapenda. Walikaa pale kwa sababu katika nchi kavu mwenye kushika kisima ameishika nchi nzima. Waligawa malisho kwa makabila, na ruhusa ya kunywesha ikatoka kwa Bwana Shauri badala ya kwa wazee. Katika miaka ya 1930 Waborana walihamishiwa upande wa Isiolo, na mwaka 1934 ukawekwa mstari wa kuwatenga Wasomali na Waborana. Kuingia au kutoka katika wilaya hizo za kaskazini kulitaka kibali. Maofisa wenyewe, kwa upweke wao, waliiita klabu yao Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua, na bahari iko mbali mamia ya kilomita! Mwezi wa Juni mwaka 1940 ndege za Kiitalia zililipiga Wajir kwa mabomu, na mwezi wa Desemba mwaka huo majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast yakaishambulia El Wak, ambayo maana ya jina lake ni visima vya Mungu.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, ukafuatwa na vita vya Shifta mpaka mwaka 1967. Lakini jambo ambalo halina budi kuandikwa katika habari za maji ya Wajir ni la mwezi wa Februari mwaka 1984. Askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawafungia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi ya mji, wakawaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengine walikufa kwa risasi, wengine kwa kiu. Serikali ya wakati huo ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilionyesha kuwa waliokufa walikuwa wengi kuliko hao. Kutoka uwanjani pale mpaka visimani ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Miaka michache baadaye, kuanzia 1992, koo za Wajir zenyewe zilipigana, na ugomvi ukafika hata sokoni, mama wa ukoo huu akikataa kumwuzia mama wa ukoo ule. Wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, ndio walioanza kulinda soko ili kila mtu anunue na kuuza kwa amani. Kisha wakawaendea wazee. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Bibi Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 kwa ajali ya gari.

Visima navyo vina ugonjwa wao. Kwa kuwa maji yako karibu na uso wa ardhi, choo cha shimo hakichimbwi bila ya kuyachafua, na kwa miaka mingi watu wa mji wametumia vyoo vya ndoo. Maradhi ya tumbo yametoka humo humo mnamotoka uhai. Chini ya ardhi mwamba ni mmoja, nao hautambui ukoo wala ua wa mtu.

Kijana yule aliyeuliza swali alinieleza baada ya kipindi kwamba mama yake ni mtu wa Wajir, na kila aendapo huko likizoni huamshwa alfajiri kwenda na punda kuteka maji. Nilimwuliza yana ladha gani. Akafikiri kidogo, akasema yana chumvi, na kwamba chai ya kwa bibi yake hata ukiitia sukari nyingi, kile kisima hukionja.