Matumizi ya nishati yakishtuka, hurejea yalikokuwa?

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliiwekea Marekani vikwazo kwa kuiunga mkono Israel vitani. Ilipofika Januari 1974, bei ya pipa ilikwishapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Marekani, iliyotumia wastani wa mapipa milioni 17.3 kwa siku mwaka 1973, ilishuka hadi milioni 16.3 mwaka 1975.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa imefikia milioni 18.8, kana kwamba hapakutokea kitu. Yakaja mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979. Bei ikapanda tena, matumizi yakaporomoka hadi milioni 15.2 mwaka 1983, na safari hii hayakukipita kilele cha 1978 mpaka mwaka 1998.

Kwa nini mshtuko mmoja ulipita na mwingine ukadumu? Wachumi hulichunguza swali hili kwa kipimo kilichotungwa na David Dickey na Wayne Fuller mwaka 1979. Kipimo hicho huuliza hivi: matumizi yakiacha mwenendo wake mwaka huu, ni sehemu gani ya pengo hilo itakayoingia mwaka ujao? Ikiwa ni nusu, upungufu wa mapipa 100 utabaki 50, kisha 25, hadi utoweke. Ikiwa ni lote, pengo halizibiki. Kila mshtuko hujirundika juu ya uliotangulia.

Jibu lina uzito kwa serikali. Mishtuko ikiwa ya kupita, kampeni ya mwezi mmoja ya kubana umeme huisha pamoja na mwezi wenyewe. Ikiwa ya kudumu, makadirio ya kujenga vituo vya umeme hayana budi kuanzia takwimu za leo, si mstari wa zamani.

Mwaka 2007 Paresh Narayan na Russell Smyth walipima takwimu za nchi 182 za kati ya mwaka 1979 na 2000. Kila nchi ilipopimwa peke yake, ni takriban asilimia 31 tu zilizoonyesha kuwa mishtuko hupita. Zilipopimwa kwa pamoja, ushahidi uliegemea sana upande wa kupita. Tofauti hiyo haishangazi: takwimu za miaka 22 ni chache mno kwa kipimo hiki, na kushindwa kuthibitisha kwamba mshtuko hupita si kuthibitisha kwamba hudumu.

Mtego mwingine uliwekwa wazi na Pierre Perron mwaka 1989. Mwenendo ukivunjika mara moja tu, kama ulivyovunjika mwaka 1973, kipimo cha kawaida huweza kudanganyika na kuihesabu mishtuko yote kuwa ya kudumu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, jibu la Marekani limo zaidi katika mitambo kuliko katika hesabu. Baada ya 1973 madereva walipunguza mwendo na kupanga foleni, huku bei za ndani zikidhibitiwa na serikali hadi Januari 1981. Baada ya 1979 vituo vya umeme viliachana na mafuta, na sheria ya mwaka 1975 ilikuwa imeanza kuuma: wastani uliotakiwa kwa magari mapya ulipanda kutoka maili 18 kwa galoni mwaka 1978 hadi 27.5 mwaka 1985.

Janga la korona liliyashusha matumizi hayo kutoka milioni 20.5 mwaka 2019 hadi 18.2 mwaka 2020. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa yamepita tena milioni 20.