Kutembea Nje Si Uzungu: Mwanamke wa Kiislamu, Bustani na Utulivu wa Moyo



Kuna maneno tunayasikia sana hapa kisiwani. Mwanamke akionekana baada ya sala ya alfajiri anatembea ufukweni haraka haraka, kavaa raba zake, utasikia: "Huyo naye kaanza uzungu." Akiwa ni mchumba wa mtu ndiyo zaidi. Ataambiwa atulie ndani, asiungue jua, asije akasemwa. Na dada huyo huyo usiku hapati usingizi, roho inamwenda mbio, analia na hajui analilia nini. Atapewa kila ushauri, lakini ni wachache watakaomwambia, "Hebu toka kidogo ukatembee, upate hewa."

Basi leo tuitazame historia yetu wenyewe, tuone kama kweli jambo hili tumeliazima kwa watu.

Bibi Hajar na Bibi Aisha

Tuanze Makka. Bibi Hajar alibaki kwenye bonde lisilo na mtu, mtoto mchanga mkononi, maji yamemwishia. Alipanda Safa akatazama, akateremka, akapanda Marwa akatazama, mara saba, mpaka Mwenyezi Mungu akamtolea Zamzam. Sai ni ibada, si mazoezi, na sisemi vyenginevyo. Lakini tukumbuke kwamba mamilioni ya Waislamu, wanaume kwa wanawake, wanafuata nyayo za mama aliyekuwa katika hofu kubwa, na mwendo wote wa sai unakaribia kilomita tatu. Alimtegemea Mola wake na huku anatembea.

Kisha twende kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba walipokuwa safarini alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Baadaye alipokwisha kunenepa wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni ya ile. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa aliwaambia watu watangulie kwanza. Angalieni, dada zangu: stara ipo, mbio zipo, na kicheko cha mume na mke kipo. Bibi harusi anayesoma hapa aiweke hadithi hii karibu, maana ni ya ndoa pia.

Waganga wa Kiislamu walisema nini

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika mji wa Balkh ambao leo uko Afghanistan, aliishi mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya kwanza inazungumzia mwili: makazi, hewa, chakula, usingizi, kuoga na mazoezi. Sehemu ya pili inazungumzia nafsi: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alilalamika kwamba matabibu wanashughulikia mwili na kuisahau nafsi, na hali viwili hivi vinaumizana na vinaponyana. Aliitenga pia huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoijua. Hii ya pili ndiyo ile wengi wetu tunaambiwa, "Una nini wewe? Umekosa nini?"

Baada yake akaja Ibn Sina (980 hadi 1037), ambaye kitabu chake cha Qanun kilisomeshwa karne nyingi, kwetu na Ulaya. Alilipa mazoezi nafasi kubwa katika kuhifadhi afya, na hakuyafanya kuwa ya wenye nguvu peke yao. Katika mazoezi mepesi alitaja kubembea, kupanda mnyama na kupanda chombo majini. Nilipolijua hili nilicheka, kwa sababu sisi watoto wa Unguja tumekuzwa na pembea za Sikukuu, na hatukujua kwamba tabibu mkubwa alizihesabu katika afya.

Hospitali zenye bustani na maji

Waislamu waliyatia maneno haya kwenye majengo. Hospitali zao ziliitwa bimaristani. Ya Nur al-Din kule Damascus ilijengwa mwaka 1154, na ukiingia unakuta ua mpana wenye birika la maji katikati. Ya Sultan Qalawun mjini Cairo ilikamilika mwaka 1284. Ilipokea tajiri na maskini, ikiwa na sehemu ya wanawake na ya wanaume mbali mbali, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao. Uendeshaji wake ulitegemea wakfu.

Nyengine ni ya Sultan Bayezid wa Pili katika mji wa Edirne, Uturuki, iliyokamilika mwaka 1488 kando ya mto. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeishi karne ya 17, ameeleza jinsi wagonjwa wa akili walivyotulizwa kwa sauti ya maji, harufu ya maua na muziki. Jengo lile mpaka leo lipo, limefanywa makumbusho.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kutibu moyo kwa bustani ni fikra mpya ya wageni, mjibu kwa upole kwamba mababu zetu katika dini waliijengea kuta na kuiwekea wakfu.

Na hapa kwetu Zanzibar?

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Maisha yake ya baadaye yalifuata njia yake, na hayo si ya leo. Lakini ametuachia habari za utoto wa Mtoni: watoto wakubwa wa kike na wa kiume walifundishwa kupanda wanyama asubuhi na jioni. Wakishajua, wavulana walipewa farasi, wasichana wakapewa punda weupe wakubwa wa Maskati. Baada ya fitina ya mwaka 1859 baina ya ndugu zake, watu walipomtenga, alikwenda kukaa shamba Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari.

Mke mmoja wa Sayyid Said, Shahrzad wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, alisifika kwa kupanda farasi na kuwinda. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 katikati ya mashamba ya karafuu, inahusishwa na yeye: mahali pa kupumzika na kukoga baada ya safari za shamba.

Hapa lazima tuseme kweli. Haya yalikuwa mapumziko ya wanawake wa majumba. Wapo wanawake wengine waliokuwa nje kutwa, juani, wakichuma karafuu na kubeba mizigo, nao walikuwa watumwa. Kwao kuwa nje hakukuwa kuburudika. Kukaa ndani kukawa alama ya uungwana, na kuonekana njiani mchana kukawa alama ya unyonge. Nadhani kidonda hiki bado tunacho. Tunapomwambia bibi harusi asionekane nje, mara nyingi tunasema dini, na kumbe ndani yake mna ile hesabu ya zamani ya nani ni mwungwana na nani siye.

Buibui lilitutoa nje

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo niruhusuni niitazame historia hii kwa nguo.

Kule Lamu, zamani, mwanamke mwungwana akitoka alifunikwa na shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichoshikiliwa na watumwa huku yeye anatembea ndani yake. Maana yake hakuweza kutoka bila watu wa kumbebea. Utumwa ulipovunjwa, Zanzibar sheria ikitoka mwaka 1897 na masuria wakiingizwa mwaka 1909, mambo yakabadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20 buibui likaenea katika mwambao wetu, na wakalivaa wanawake wa kila tabaka, hata wale ambao mama zao walikatazwa kujifunika. Likawa sitara ambayo mwanamke anaivaa mwenyewe na kwenda mwenyewe: kwa jamaa, harusini, pwani jioni. Leo watu wanalidhani buibui ni la kumfungia mwanamke ndani, lakini katika historia yetu ni nguo ya kutokea.

Mwaka 2004 mama mmoja wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, Aheda Zanetti, alishona nguo ya kuogelea inayofunika mwili na kichwa, akaiita burkini. Ajabu ni kwamba mwaka 2016 baadhi ya miji ya pwani ya Ufaransa iliipiga marufuku, mpaka mahakama kuu ya mambo ya utawala ikasimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Kule mwanamke alizuiwa kuingia baharini kwa sababu amejifunika sana. Huku kwetu analaumiwa kwa sababu ameingia tu. Pande zote mbili anayekosa bahari ni yeye. Alhamdulillahi, Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na nguo za kusitiri, na hilo ni jambo la kuokoa maisha pia, maana tumezungukwa na maji na wengi wetu hatujui kuelea.

Utafiti wa siku hizi

Wataalamu wa sasa wanarudi pale pale. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliokuwa na dirisha linalotazama miti walitoka hospitali mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta. Wajapani tangu mwaka 1982 wana desturi waliyoipa jina la kuoga msitu, yaani kutembea taratibu katikati ya miti. Na mwaka 2015 watafiti wa Stanford waliwatembeza watu dakika 90, wengine penye miti na nyasi, wengine kando ya barabara ya magari. Wale wa penye miti walipungukiwa na tabia ya kuzungusha mawazo mabaya kichwani. Wale wa barabarani hawakupata nafuu hiyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukigawa, dakika 30 kwa siku tano zinatosha. Hiyo ni kutembea kwa haraka tu, huku bado unaweza kuzungumza na mwenzio.

Kwa bibi harusi na kwa aliyeolewa

Bibi harusi, najua kinachokukabili. Watu wengi, matumizi mengi, kila mtu ana neno, na usiku unabaki peke yako na maswali. Singo, hina na udi ni vizuri na tuvidumishe. Lakini ngozi ikinawiri na moyo umebanwa, picha zitapendeza na wewe hutakuwepo ndani yake. Ongeza jambo moja: baada ya alfajiri, jua halijawa kali, toka na dada yako, shoga yako au somo wako, mtembee nusu saa. Simu iacheni nyumbani. Semeni nyiradi za asubuhi huku mnatembea. Ukiogopa kuungua, saa hiyo jua bado ni la huruma.

Baada ya harusi, mwombe mume mtembee pamoja siku za fungate, kama ruhusa na nafasi ipo. Msitu wa Jozani una njia nzuri chini ya miti na kima punju wa kuwatazama. Masingini ni karibu na mjini. Wa Pemba wana Ngezi. Na aliyejifungua, arubaini yake ikishapita na afya ikiruhusu, asiachwe ndani na mtoto miezi na miezi. Mama na wifi, mchukueni.

Nguo isiwe kisingizio. Chagua kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kisichoshika mwili, pindo liishie juu kidogo ya kifundo cha mguu usijikwae, na suruali pana ndani. Mtandio wa pamba unakaa vizuri kuliko wa hariri, hautelezi upepo ukivuma.

Jambo la mwisho ni zito. Kutembea kunasaidia, lakini si dawa ya kila kitu. Ukiona huzuni imepita wiki mbili, huli, hulali, huoni ladha ya ibada wala ya watoto wako, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu leo hii na nenda hospitali. Kwenda Kidongo Chekundu si aibu na si upungufu wa imani. Watu wa bimaristani walikuwa wakisoma Qurani na wakijenga hospitali, na hawakuona kwamba kimoja kinakifuta chengine.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu, awabariki maharusi wote, na atupe afya ya kumwabudu. Amin. Kesho alfajiri insha'Allah, tafuta raba zako.